Rivyu ya shule ya Wabenediktini, tuanzie kwenye beji

Wazazi wenzangu wakiulizia shule ya Wabenediktini maswali huwa yale yale, ufaulu ukoje, ada inalipwa kwa awamu ngapi, bwenini maji yapo au hamna, na mimi sina ugomvi na hayo maswali ila yameshajibiwa sana na watu wengine. Nataka kuongelea kitu ambacho hamna mtu anakigusa, ile beji. Mwanangu anasoma kwenye moja ya hizo shule, jina naliweka kapuni maana bado yuko pale na sitaki aitwe ofisini kwa sababu ya mdomo wangu, na nilichofanya ni kuchukua walichokishona kwenye sweta nikakilinganisha na wanavyoishi. Hawa Wabenediktini ni watawa Wakatoliki wanaofuata Kanuni aliyoiandika Mt. Benedikto karne ya 6, sura 73 na utangulizi, yeyote anaweza kuisoma, kwa hiyo mtu akikwambia "huu ndo utaratibu wetu wa Kibenediktini" una pa kwenda kuhakikisha.

Beji yenyewe ni ngao, katikati msalaba, kwenye pembe nne herufi C S P B, juu PAX yaani amani, chini Ora et Labora, sala na kazi. Pembeni kuna ndege kashika kitu mdomoni, na hapo kwenye ndege ndo fundi aliharibu. Kamdarizi kwa uzi mweupe, kamnenepesha, na kile alichobeba kakifanya kiduara cheupe, sasa watoto karibu wote watakwambia huyo ni njiwa wa Roho Mtakatifu kabeba hostia, ule mkate wa komunyo. Siyo jamani! Yule ni kunguru na alichobeba ni mkate wa sumu.

Kisa chake kipo kwenye maisha ya Benedikto yaliyoandikwa na Papa Gregori Mkuu mwishoni mwa karne ya 6. Kulikuwa na padri jirani anaitwa Florentius, wivu ulimkaba akaona amtumie Benedikto mkate wenye sumu, kwa heshima zote kabisa, kama zawadi. Benedikto alishajua kuna nini. Alikuwa na kunguru aliyezoea kuja kula mkononi mwake, akamwambia chukua huu mkate ukautupe mahali ambapo hakuna mtu ataufikia, na kunguru akawa anaruka kuuzunguka na kulia, anataka kutii ila anaogopa, mpaka alipoambiwa tena ndo akaubeba, akarudi baada ya masaa kama matatu akapewa chakula chake cha kila siku. Napenda sana hapo kwenye kuogopa, ni kitu ambacho mtoto wa bweni angekielewa mara moja, lakini ukishamgeuza kunguru kuwa njiwa hadithi nzima imekufa na hakuna wa kumsimulia. Hata mlezi wa bweni nilimuuliza akacheka tu, akasema "mzazi, sisi tunaangalia kama imeshonwa vizuri".

Mbele ya medali ya Mt. Benedikto kunguru anakaa upande mmoja wa huyo mtakatifu, upande wake wa pili kuna kikombe na nyoka anachomoza. Hicho kikombe ni cha jaribio lingine la sumu, la mapema zaidi, watawa fulani walimbembeleza awe abate wao, yaani mkuu wa monasteri, alivyowabana wakaona afe, wakamwekea sumu kwenye divai, akaibariki kwa ishara ya msalaba chombo kikapasuka. Yaani mtu aliyeanzisha mambo haya yote alinusurika kuuawa mara mbili na watu wa kanisa lake mwenyewe. Wakuu wa shule mnaosumbuliwa na vikao vya walimu mjipe moyo.

Sasa medali. Pale shuleni wana kaduka kadogo karibu na kanisa, wanauza rozari, vitabu vya sala na hizi medali, na kila mtoto mpya anapewa moja iliyobarikiwa, kitu ambacho nimekipenda. Shida ni saizi. Zile ndogo za kuning'iniza kwenye mkufu herufi zimegandamizwa hovyo, huoni kitu, ni kama vidoti. Chukua kubwa, halafu igeuze nyuma uikague hivi: msalaba una herufi C S S M L kutoka juu kwenda chini, na N D S M D kutoka kushoto kwenda kulia, na S ya katikati ni moja tu inayotumika na mistari yote miwili. Wa kushuka ni Crux sacra sit mihi lux, msalaba mtakatifu uwe mwanga wangu, wa kulala ni Non draco sit mihi dux, joka lisiwe kiongozi wangu. Kwenye pembe ndo zile C S P B za beji, Crux Sancti Patris Benedicti, msalaba wa baba yetu Mt. Benedikto (wapo watoto wanaodhani ni kifupi cha jina la shule, na siwalaumu). Pembeni kuzunguka kuna V R S N S M V, S M Q L I V B, hayo ni maneno ya kumfukuza Shetani, rudi nyuma, usinishawishi na upuuzi wako, unachomimina ni kibaya, kunywa mwenyewe sumu yako. Ukishaijua hiyo sumu ya mwisho unaona upande wa mbele na wa nyuma vinaongea kitu kimoja.

Na hizi herufi kuna kipindi watu walishasahau zina maana gani. Mwaka 1647 huko Natternberg, Bavaria, wanawake walioshtakiwa kwa uchawi walisema hawakuweza kuidhuru abasia ya Metten kwa sababu inalindwa na msalaba, wakaenda kukagua wakakuta misalaba imechorwa ukutani na herufi hizi, hakuna aliyeweza kuzisoma, mpaka ulipopatikana muswada wa mwaka 1415 kwenye maktaba yao una maneno yote kwa kirefu pamoja na picha. Papa Benedikto XIV akaidhinisha medali kati ya 1741 na 1742, na hii muundo tunayoiona sana leo ni ya jubilei, ilitoka 1880 kwa kumbukumbu ya miaka 1400 tangu azaliwe, ndo maana mbele chini ya miguu yake utaona jina la Monte Cassino, monasteri yake, na MDCCCLXXX, yaani 1880. Kama ya kwako haina hiyo siyo feki, ni muundo mwingine tu.

Ninachowalaumu hapa ni kwamba watoto wanaambiwa wavae medali siku ya mtihani "itawalinda". Medali ni kisakramenti, inakusaidia kusali, haijawahi kuwa hirizi, na Kanisa limesema hilo wazi miaka yote. Ukimpa mtoto medali bila kumfundisha sala iliyoandikwa juu yake umempa chuma.

Tuache vitu vya kuvaa. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni getini. Sura ya 66 ya Kanuni inasema mlangoni akae mzee mwenye busara, anayejua kupokea ujumbe na kutoa jibu, na ambaye umri wake haumruhusu kuzurura, na mtu akibisha tu ajibu Deo gratias, tumshukuru Mungu. Sura ya 53 inasema kila mgeni anayefika apokelewe kama Kristo mwenyewe. Basi pale getini kuna mzee, sijui kama amewahi kuisoma hiyo Kanuni, lakini ukifika anasimama, anakusalimia, anakuuliza umetoka mbali, anakupa kiti kivulini kabla hajauliza kitambulisho, kisha anaandika jina lako kwenye daftari kwa mwandiko wa taratibu huku akilitamka kwa sauti ahakikishe. Na nimemwona akifanya hivyo hivyo kwa mama aliyekuja na ndala na kwa mheshimiwa aliyeshuka kwenye gari kubwa, mheshimiwa alisubiri zamu yake. Hapo sina cha kuongeza, nyota zote.

Karakana nayo safi. Ukutani wamechora umbo la kila kifaa, nyundo, msumeno, randa, hadi bisibisi, kwa hiyo jioni kifaa kisiporudi unaona kivuli chake kiko wazi na hamna mtu anatoka. Nilivyoona nikakumbuka sura ya 31, inamwambia mtunza stoo wa monasteri avione vyombo vyote na mali ya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare, na sura ya 32 inamtaka abate awe na orodha ya vifaa ajue kampa nani nini na karudisha nini. Huo ni urithi wa Kibenediktini haswa, na hauna hata picha ya mtakatifu.

Ila sasa kwenye kazi ndo tunapogombana. Kwanza mjue kwamba Ora et Labora hayamo kwenye Kanuni, ni kaulimbiu iliyokuja baadaye sana, japo wazo lenyewe limo, sura ya 48 inasema uvivu ni adui wa roho na inagawa masaa ya kazi za mikono na masaa ya kusoma. Sawa. Sasa hii shule imeandika sala na kazi kila mahali, kwenye geti, kwenye basi, kwenye madaftari, halafu kazi yenyewe wanaitumia kama adhabu, umechelewa kata majani, umeongea prepu deki choo, umepoteza beji (ndiyo, beji) chimba shimo la taka. Mtoto akikaa pale miaka kadhaa atatoka anajua kwamba sala ni ya wazuri na kazi ni ya wakosaji, kinyume kabisa na kilichoshonwa kifuani kwake. Watawa wenyewe wanalima, wanafua, wanapika kwa zamu, na hakuna aliyekosa kitu. Si mngewaweka watoto wote zamu ya majani na makosa mkayatafutia adhabu nyingine?

Na hilo la kuchelewa lina kitu kingine kilichoniudhi. Sala ya asubuhi kengele ikikata tu mlango wa kanisa unafungwa, waliochelewa wanabaki nje kwenye baridi, na ukiuliza unaambiwa ni nidhamu ya Kibenediktini. Nikafungua sura ya 43. Benedikto anasema ile zaburi ya mwanzo, ya 94 kwa hesabu yao, isaliwe polepole kwa kuvutavuta ili wanaochelewa wawahi! Anayechelewa kupita hapo asimame mwisho, au mahali pa pekee alipopangiwa na abate, aonekane na wote, aone aibu kidogo, lakini AINGIE, kwa sababu akibaki nje kuna atakayerudi kulala na kuna atakayekaa chini kupiga soga. Mtu wa karne ya 6 alishawajua wanafunzi wenu. Maana ndicho kinachotokea, wale wa nje wanakaa nyuma ya kanisa wanapiga stori mpaka sala iishe. Niliandika kwenye kisanduku cha maoni, sijajibiwa.

Viboko hawana, na kwenye kijitabu chao wamesema ni kwa sababu ya "roho ya upole ya Mt. Benedikto". Nakubali uamuzi, sababu sikubali. Sura ya 30 inasema wavulana wasioelewa uzito wa kutengwa waadhibiwe kwa mfungo au kuchapwa, imeandikwa hivyo hivyo, hakuwa laini kama kijitabu. Upole wake upo sehemu nyingine, sura ya 64, anapomwonya abate asikwangue kutu kwa pupa akavunja chombo. Wangesema tu kwamba nyakati zimebadilika na wameichukua hiyo ya chombo wakaacha ile ya fimbo, hamna ambaye angewacheka.

Baraza la wanafunzi ni la jina. Sura ya 3 inasema kukiwa na jambo zito abate aite wote, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Pale wadogo wanaitwa kupiga makofi.

Ukumbini kuna mchoro wa kisiki kinachipua, chini yake Succisa virescit, kimekatwa kinachipua tena. Ni alama ya Monte Cassino, monasteri aliyoianzisha Benedikto mwaka 529 hivi na akafia hapo karibu mwaka 547. Walombardi waliibomoa, Wasaraseni wakaichoma mwaka 883, tetemeko likaiangusha 1349, na tarehe 15 Februari 1944 ndege za Washirika zikaigeuza kifusi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ikajengwa tena, Papa Paulo VI akaitabaruku tarehe 24 Oktoba 1964 na mwaka huo huo akamtangaza Benedikto msimamizi wa Ulaya. Mwalimu wao wa historia anautumia huo mchoro vizuri sana, anawapeleka darasa zima wakae chini mbele yake na kuwasimulia kila anguko, mwanangu amezishika tarehe zote bila kukariri. Huyo mwalimu wangempa na kazi ya kunguru.

Kwa wanaouliza kama wasio Wakatoliki wanapokelewa, wanapokelewa, halazimishwi mtu kukomunika wala kubadili dhehebu, ila kanisani anaingia na wenzake, na ukimya wa usiku baada ya sala ya mwisho ni wa kila mtu, hiyo ni sura ya 42 na wanaifuata kweli kweli, bweni linakuwa kimya kiasi kwamba wageni wanashtuka. Kama mwanao ni wa kelele kelele muandae mapema. Mimi nawapa nyota nne kwa tano, mwanangu habanduki pale, na kama kuna mzazi wa shule ile ile kaijua kwa haya maelezo basi twende wote kwenye kikao kijacho tuliulizie lile suala la mlango wa kanisa, mimi sura ya 43 nitakuwa nayo mkononi.