Sensa ya joto ya mashine ya kufulia: ipi ununue, ipi uiache

Mashine ikifua kwa maji baridi ilhali umeiweka nyuzi 60, ikikwama katikati ya programu dakika zisipungue, au ikichemsha maji hadi mvuke ukatoka kwenye droo ya sabuni, hita ndiyo hushukiwa kwanza. Lakini pembeni ya hita pamechomekwa kipuri kidogo kuliko kidole: sensa ya joto. Hiyo ndiyo inayoiambia bodi, yaani saketi ya umeme inayoiongoza mashine, maji yamefika nyuzi ngapi, na ikitoa taarifa ya uongo, hita nzima kabisa itawashwa au kuzimwa wakati usiofaa. Mashine nyingine hukuambia zenyewe tatizo liko wapi: LG huonyesha msimbo tE, Indesit F03, Electrolux E71. Nyingine hukaa kimya na kuendelea kukusinyazia sweta za sufi.

Bei ya sensa ni ndogo ukilinganisha na hita au bodi, na udogo huo ndio unaowafanya watu wanunue bila kuangalia. Sensa mbili zinaweza kufanana umbo, urefu na pini, moja ikafanya kazi vizuri na nyingine ikakuchemshia nguo. Ndiyo maana sikupanga orodha hii kwa bei. Nimeipanga kwa uhakika kwamba joto inalolisoma bodi ndilo joto lililomo majini.

Kabla ya kutoa pesa, pima

Sensa za mashine nyingi za sasa ni themista za aina ya NTC. Kazi yake ni rahisi: joto likipanda, ukinzani wake wa umeme hushuka, na bodi husoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzi. Mashine za zamani zina themostati ya bapa la chuma lenye waya mbili au tatu. Hiyo ni habari nyingine na haibadilishwi kwa NTC.

Chomoa plagi ukutani; kuzima kwa kitufe hakutoshi. Ikiwa mashine imetoka kufua, iache ipoe. Sensa iko chini ya tangi, karibu na ncha za hita, nyuma au mbele kutegemea muundo. Vuta konekta yake, weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, kisha gusisha ncha za kipimo kwenye pini mbili za sensa.

Tuseme sensa yako ni ya kiloomu 10, yaani omu 10,000, kwa nyuzi 25. Ukiichomoa na kuishika kiganjani mpaka ipate moto, namba itashuka kuelekea 6.5. Ukitumbukiza ncha yake ya chuma, ncha tu, kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 50, itateremka hadi karibu 3.6. Tazama namba inavyoshuka: sensa nzima huteremka polepole bila kurukaruka. Namba ikiruka ghafla na kurudi, sensa imechoka hata kama ikiwa baridi inasoma vizuri. Multimita isiposoma chochote, ndani kumekatika. Ikionyesha sifuri, imepiga shoti.

Angalia pia joto la chumba. Sensa hiyohiyo ya kiloomu 10 chumba kikiwa na nyuzi 20 itasoma takriban 12.5, na hiyo ni nzima. Sensa nzuri hutupwa kwa sababu hiyo tu.

Ukiwa hapohapo, kagua pini na konekta. Utando wa kijani kwenye pini, au waya uliochunika pale unapopita karibu na chuma, huleta dalili zilezile za sensa mbovu, na dawa yake ni kusafisha au kubadilisha konekta. Pima na hita: ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 inapaswa kusoma karibu omu 26. Sensa ikiwa nzima na hita ikiwa nzima, kosa liko kwenye waya au kwenye bodi, na sensa mpya haitakusaidia lolote.

Nafasi ya kwanza: sensa halisi kwa namba ya kipuri

Hii ndiyo ningemnunulia mama yangu. Usiitafute kwa jina la mashine pekee, kwa sababu jina moja la modeli linaweza kuwa na matoleo kadhaa yenye bodi tofauti. Tafuta kibandiko chenye namba kamili: mara nyingi kiko kwenye ukingo wa mlango, ndani ya kifuniko cha chujio, au mgongoni mwa mashine. Bosch na Siemens huiita E-Nr, Electrolux na ndugu zake AEG na Zanussi huiita PNC. Kwa namba hiyo utapata orodha ya vipuri na namba ya sensa yenyewe.

Mashine inayofua na kukausha huwa na sensa zaidi ya moja, ya maji na ya hewa ya kukaushia. Taja ya maji.

Kasoro yake ni bei, na wakati mwingine kusubiri. Kwa mashine ambayo bado ina miaka mbele yake, tofauti hiyo inalipa.

Nafasi ya pili: hita na sensa kwa pamoja

Kuna hali ambapo chaguo hili linapanda hadi nafasi ya kwanza. Ukitoa sensa ukakuta hita imevaa ukoko mweupe mnene wa chokaa, au sensa imeganda kwenye raba yake ya kuzuia maji kiasi kwamba kuing'oa kunaipasua, nunua seti nzima. Unafungua mashine mara moja, raba unapata mpya, na hita haikusumbui miezi michache baadaye. Katika baadhi ya mashine sensa haiuzwi peke yake kabisa, imo ndani ya hita.

Soma bamba la hita ya zamani: utakuta wati, volti, na mara nyingi chapa ya mtengenezaji wa hita, kama IRCA au Thermowatt, ambayo si jina lililoko usoni mwa mashine. Wati zilingane, urefu ulingane, na tundu la sensa liwepo. Zipo hita zenye umbo lilelile zisizo na tundu hilo.

Nafasi ya tatu: sensa mbadala yenye maelezo kamili

Hapa ndipo wengi wetu tunaishia, na si vibaya, mradi muuzaji akutajie mambo mawili: ukinzani kwa nyuzi 25, na thamani ya beta, yaani B. La kwanza hutajwa sana. La pili huachwa, na ndilo linaloharibu kazi.

Thamani ya B inaeleza ukinzani unashuka kwa kasi gani joto linapopanda. Chukua sensa mbili za kiloomu 10, moja ya B 3950 na nyingine ya B 3435. Kwenye maji ya nyuzi 25 huwezi kuzitofautisha, zote zinasoma 10. Kwenye maji ya nyuzi 60 ya kwanza inasoma karibu 2.5, ya pili karibu 3. Bodi iliyotengenezwa kwa B 3950, ukiipa ile ya 3435, itaona maji bado ni nyuzi 55 na kuendelea kupasha mpaka yafike kama 66. Kwa shuka za pamba si neno. Sasa iweke nyuzi 90: ili ukinzani ushuke hadi bodi iridhike, maji yangehitaji kupita nyuzi 100. Hayawezi. Yatachemka tu, na hita itazimwa na kinga ya muda au ya joto, kama mashine inayo na kama inafanya kazi.

Kukosea kiloomu ni kubaya zaidi, ingawa angalau hujitokeza mapema. Sensa ya kiloomu 5 kwenye nafasi ya kiloomu 10 itaifanya bodi iamini maji ya nyuzi 25 tayari yamepita 41, basi programu ya 40 itafua kwa baridi kila siku. Ya kiloomu 20 kwenye nafasi hiyohiyo hufanya kinyume: unachagua 60, maji yanafika kama 80. Rangi zitatoka, lastiki zitalegea, na mtoto anayeegemea kioo cha mlango yuko hatarini. Kwa hiyo muuzaji asiyeweza kukutajia namba hizi, au angalau kukuandikia kwamba sensa yake inachukua nafasi ya namba fulani ya kipuri halisi, mwache.

Sensa ikifika, ipime kwa kikombe kama ulivyoipima ya zamani, kabla ya kuifunga. Ukiona haikaribiani na namba za kipuri halisi, irudishe ikiwa safi.

Nafasi ya nne: iliyotolewa kwenye mashine nyingine

Fundi aliye na mashine mbovu za modeli yako anaweza kukupa sensa kwa bei ya chini sana. Mimi siidharau njia hii. Mashine nyingi hufa kwa beringi au bodi, na sensa ikabaki nzima. Masharti ni mawili: itoke kwenye namba ileile ya mashine, si chapa ileile tu, na ipimwe mbele yako ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Raba ya zamani usiichukue ikiwa imekakamaa; ndiyo itakayokuvujishia.

Usinunue kabisa

Sensa iliyofungwa kwenye mfuko ulioandikwa tu kwamba inafaa mashine zote. Bodi za mashine tofauti zinategemea sensa za kiloomu 5, 10, 12, 20 na kuendelea, kwa hiyo haiwezekani moja ikatosha kwa zote.

Wala usikubali ujanja wa kufunga rezista ya kawaida mahali pa sensa ili msimbo wa hitilafu ufutike. Rezista haibadiliki na joto kama sensa. Bodi itaona namba moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kama namba hiyo ni ya maji baridi, hita haitaambiwa kamwe kwamba inatosha. Mtu akikufanyia hivyo na kukuambia mashine imepona, mwambie airudishe ilivyokuwa. Ni hatari ya moto ndani ya nyumba.

Ukiifunga mwenyewe

Toa maji yote kupitia chujio kwanza. Piga picha ya waya kabla hujavuta chochote. Paka raba tone la sabuni ya vyombo ili sensa iteleze, usitumie mafuta ya mashine wala grisi kwa kuwa huharibu raba. Isukume mpaka ukingo wake ukae sawa pande zote.

Kama umebadilisha na hita, legeza nati ya katikati kisha sukuma boliti yake ndani ili raba ilegee, ndipo uivute. Unaporudisha, hakikisha ncha ya mbali ya hita imeingia kwenye kishikilio chake ndani ya tangi. Ikikosa hapo itagusa pipa linalozunguka. Huu ndio ugumu pekee wa kazi nzima, na kama hukioni kishikilio vizuri, mwite fundi kwa hatua hiyo.

Jaribu kwanza bila nguo, programu ya 40, ukiwa na tochi ukiangalia chini ya raba wakati maji yanaingia na tena hita inapowaka. Ikivuja hata tone moja, chomoa plagi kabla ya kugusa chochote, toa maji, na uikalishe raba upya.