Mwaka mzima na jumuiya ya Waislamu chuoni, ada 5,000: nimeipa nyota 4

Assalaam alaykum, na ambao si Waislamu habari zenu pia maana najua mtasoma. Naandika hii kwa ajili ya wadogo zangu mnaokuja kuanza chuo Dodoma, juzi binamu yangu aliyepata nafasi kaniuliza "dada ivi ile jumuiya yenu ina faida au ni michango tu", nikaanza kumjibu kwa voisi nikajikuta nipo dakika ya 9 na bado sijafika Ramadhani, nikasema bora niandike wasome wote. Chuo sikitaji, viongozi siwataji, Dodoma vyuo viko vingi kwahiyo msianze kubahatisha.

Mimi niliingia mwaka wa kwanza Novemba 2024, natokea Tanga, sekondari nilisoma EDK (Elimu ya Dini ya Kiislamu) mpaka form four kwahiyo nilikuja na matarajio makubwa kidogo. Siku ya usajili unakuta meza ina kitambaa cha kijani, kaka mmoja na ukhti mmoja, unatoa 5,000 unaandikwa kwenye kaunta buku, unapewa kadi ya karatasi ngumu. Hiyo kadi hajawahi kuniomba mtu yeyote mpaka leo, naitumia kama alama kwenye kitabu cha takwimu.

Tuanze na darsa. Darsa ni Jumanne na Alhamisi baada ya isha, tajwidi (kusoma Quran kwa matamshi sahihi) kwa wanaoanza na fiqhi (sheria za ibada) kwa wote. Mwalimu wa tajwidi alikuwa mwanafunzi tu wa mwaka wa tatu anasoma mambo ya kompyuta lakini mashallah ana uvumilivu, mimi nilikuwa nasoma Quran toka madrasa ya utotoni nikijua najua, kumbe herufi dhwadi yangu ilikuwa dali nene tu, akanirudisha Alhamdu wiki 2 nzima na hakucheka hata siku moja. Hapo sina neno. Tatizo ni muda. Wakisema saa 2 usiku maana yake saa 2 watu wanatandika mikeka, saa 2 na nusu mtu anatafuta kiunganishi cha spika, saa 3 ndo bismillah, na sisi wa hosteli geti linafungwa saa 4. Kwahiyo kila Alhamisi nilikuwa naondoka katikati ya maelezo, najua sharti za udhu vizuri sana ila vinavyotengua udhu nilikuja kuvisoma mwenyewe.

Alafu kuna pazia. Jamani lile pazia. Chumba cha kuswalia ni darasa la zamani, limegawanywa kwa pazia la kahawia, sisi akina dada tuko nyuma, na spika iko mbele kule kwa kaka zetu inaangalia mlango. Sina shida na kutenganishwa, nimelelewa hivyo na napenda uhuru wa kukaa nikanyoosha miguu, shida yangu ni kwamba huku nyuma tunasikia "mmmm mmmm qala mmmm" alafu kaka zetu wanacheka na sisi tunabaki kuulizana kasemaje. Maswali unaandika kwenye kikaratasi unapitisha chini ya pazia. Mimi nilipitisha vikaratasi 6 mwaka mzima, kimejibiwa 1, na kile kilichojibiwa sio changu, aliandika rafiki yangu kwa mwandiko mbaya wakasoma kingine kabisa. Mwezi wa 5 ndo Amira wetu (kiongozi wa akina dada) alichoka akaenda kununua kispika kidogo cha bluetuthi kwa hela za akina dada wenyewe, tukachanga 1,000 kila mtu, na kuanzia siku hiyo mahudhurio yetu yakapanda mpaka mikeka ikapungua.

Mihadhara mikubwa ilikuwa 3 na mmoja tu ndo ulinikaa kichwani, ule wa mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu). Unajua hili swali kila Muislamu anayechukua bumu (hela ya mkopo) analibeba kimoyomoyo, je ni riba au sio riba. Siku hiyo ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Walileta sheikh, na vilevile wakaleta kaka mmoja aliyemaliza zamani anayefanya kazi ya uhasibu, hapo waliniweza. Yule kaka akaeleza kwa hesabu ubaoni, kwamba zamani deni lilikuwa linaongezewa asilimia 6 kila mwaka wanaita kulinda thamani, na ukichelewa kuanza kulipa kuna faini ya asilimia 10, vyote viwili vikafutwa mwaka 2021, ila makato ya asilimia 15 ya mshahara yapo palepale. Akasema yeye alikuwa analipa deni haliishi, anaangalia salio analikuta limenona. Sheikh hakukurupuka kusema halali au haramu, akauliza maswali kwanza, hii asilimia ilikuwa sharti la mkataba? nani anafaidika? kisha ndo akatoa maelezo yake. Sitaki kumnukuu nikakosea. Ila nikwambie kitu, watu tulitoka pale tumesoma mikataba yetu kwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa nimesaini ile fomu bila kugeuza ukurasa wa pili.

Ile mingine 2 ilikuwa ya kawaida, vijana na maadili, vijana na mitandao, tumesikia toka darasa la sita.

Sasa Ramadhani. Kama hutaki kujiunga kwa sababu nyingine yoyote jiunge kwa hii. Mwaka 2025 ilianza Machi mwanzoni tukiwa chuoni kabisa, na kama kawaida yetu mwezi ukaleta maneno, kuna waliofunga Jumamosi tarehe 1 kwa mwandamo wa kimataifa na sisi wengi tukafunga Jumapili, kwahiyo jiko la kwanza lilipikiwa watu 20 wakawa wanakula kama maharusi. Mchango ni 30,000 kwa mwezi mzima, futari na daku. Piga hesabu mwenyewe, bumu lilikuwa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, na nje kwa mama ntilie futari ya kueleweka haikuwa chini ya 3,000, siku 29 ni 87,000, na hapo hujala daku, na hakuna mama ntilie wa Dodoma anayefungua saa 9 usiku kwa ajili yako.

Jiko liko nyuma ya chumba cha kuswalia, mafiga 3 ya mawe na masufuria yale ya shughuli. Zamu ya kupika ni kwa kozi, siku ya watu wa uhandisi mtakula wali una mawe mtavumilia, siku ya watu wa ualimu mtashukuru. Futari ni tende 3, uji wa pilipili manga, na mihogo au magimbi, nazi inategemea maana nazi moja pale soko la Majengo ilikuwa na bei ambayo kwetu napata 3 na muuzaji ananisalimia. Uji wao mwanzoni ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nilinyamaza siku 4. Siku ya 5 nikamwambia dada wa zamu "ukhti samahani, hii pilipili manga mnaihesabu punje?" akanipa mwiko, na kuanzia hapo mwiko haukurudi, nikawa mtu wa uji mpaka Idi. Hata zile siku nina udhuru sifungi nilikuwa naenda kukoroga, na wala hakuna aliyeniuliza.

Daku inawekwa kwenye ndoo zenye vifuniko na hotipoti, kaka zetu wanabeba mpaka geti la hosteli ya wasichana kama saa 9 na nusu usiku, askari wa getini anapokea ya kwake kwanza (ana haki), anagonga dirisha la rumu ya Amira, Amira anapita koridoni anagonga kila mlango wenye alama ya mwezi mdogo wa chaki. Fikiria umelala una testi asubuhi unasikia ngo ngo ngo "daku daku ukhti amka", unafungua macho hayajafunguka, unapewa wali maharage wa moto. Mama yangu ndo alikuwa ananifanyia hivyo. Usiku wa kwanza nililia kidogo nikasema ni mvuke.

Na hapa nitaje kosa langu mwenyewe. Siku ya 2 ya mfungo nilikuwa nimekaa pembeni na simu yangu ina programu ya nyakati za swala, adhana ikalia, nikasema bismillah nikatia tende mdomoni, nikanywa na maji, nageuka naona dada 5 wananikodolea. Amira akaniuliza kwa upole, "ukhti, hiyo simu yako iko wapi?" Nikamwambia si hii hapa mkononi. Akasema hapana, imewekwa mji gani. Tanga! Nilikuwa nimeiwekea Tanga toka nyumbani sijabadilisha. Jua la Tanga linazama mapema kuliko la Dodoma kwa kama dakika 13 hivi, kwasababu sisi tuko mashariki baharini na wao wako huku ndani. Siku yangu ikaenda, nikailipa baada ya Idi. Kwahiyo wadogo zangu wa Tanga, Dar, Unguja, mkifika tu badilisheni mji kwenye simu, na zile adhana za moja kwa moja za redio za Dar msizifuate, subirini ya hapohapo.

Idi wakachinja mbuzi, pilau lilikuwa la wastani. Natokea Tanga, wastani kwangu ni sifa.

Kitu kingine ambacho hakipo kwenye ratiba yoyote ni misiba. Jirani yangu wa rumu ya pili, mtoto wa Temeke, alipigiwa simu alfajiri baba yake kafariki, mazishi baada ya alasiri maana si unajua sisi hatukawizi maiti. Binti hana hata mia, bumu limekata. Mimi nilimwandikia Amira meseji moja tu. Haikufika saa nzima akaja na bahasha, ndani nauli ya treni ya SGR, hii iliyozinduliwa Agosti 2024, 31,000 daraja la kawaida, na za juu yake za bodaboda na rambirambi, na dada mmoja keshavaa baibui anamsindikiza mpaka Dar, na huyo dada siku hiyo alikuwa na tutoriali ya lazima. Binti akamuona baba yake kabla jeneza halijatoka nyumbani. Kwa basi asingewahi.

Kwahiyo nyota ya 5 imeenda wapi? Imebaki Kondoa. Mwezi wa 6 kulikuwa na ziara, 25,000 kila mtu, kutembelea madrasa na baadaye kupita Kolo kuona ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Basi lilitakiwa saa 12 asubuhi likaja saa 3, siti mbili hazina migongo, chakula kiliisha kabla hakijafika kwa akina dada, na tulipofika kwenye michoro kaka wawili wakaanza kubishana kama inajuzu kuangalia picha za viumbe wakati muongozaji wa watu anasubiri kwa adabu kabisa. Michoro yenyewe nzuri sana, kuna watu wembamba warefu wamechorwa kwa rangi nyekundu, ningekaa pale siku nzima. Ila hoja yangu ni hela. Tulienda watu zaidi ya 60, tukaambiwa kuna salio, tukaambiwa mapato na matumizi yatawekwa kwenye grupu, ni mwezi wa 10 huu bado yanawekwa. Sisemi mtu kala. Nasema yasomwe. Mweka hazina nilimuuliza mara 2, ya kwanza akanijibu insha'Allah na ya pili akanijibu insha'Allah ukhti.

Grupu la Wasap liwekeni kimya mapema. Matangazo ya maana ni 2 kwa wiki, zilizobaki ni voisi za dakika 15 na ubishi wa maulidi bidaa (uzushi kwenye dini) au sio bidaa, dua ya kunuti, kufunga mikono kwenye swala, ubishi uleule na watu walewale, alafu Ijumaa wote wanaswali safu moja wanapeana mikono. Na tukizungumzia Ijumaa, kaka zetu walikuwa na lekcha ya saa 6 mpaka saa 8 Ijumaa, uongozi ukaandika barua kwa heshima, mwalimu akaisogeza Jumatano. Barua moja tu. Wangeandika na ile ya mapato na matumizi wangekuwa na nyota zote.

Mwaka huu nimeshalipa tena 5,000 yangu. Mkija, njooni na bakuli lenu lenye mfuniko na muandike jina chini kwa rangi ya kucha, mimi hotipoti yangu ya kijani iliondoka na daku ya siku ya 21 na mpaka leo kila nikiuliza naambiwa iko kwa watu wa uhandisi.