Chumbe: usiku mbili chini ya paa linalokinga maji

Mimi ni mtu wa ujenzi, kwa hiyo nikiingia hotelini huwa natazama dari kabla ya kitanda. Kwenye nyumba za wageni za Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, hakuna dari. Kuna makuti, boriti na kamba, na upepo unapita humo kama upo kwao.

Niseme kwanza kilichonipeleka. Zamani kidogo nilishiriki kujenga hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja, jina naliacha. Ilichimba visima vyake, ikajaza bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini, bustani ikamwagiliwa asubuhi na jioni. Baadaye maji ya visima vya kijiji jirani yakaanza kuingia chumvi. Mimi nilikuwa nimeshalipwa na kuondoka. Tangu hapo nilitaka kuona watu wanaojenga namna nyingine, tena kwa wageni wa kulipa dola.

Kutoka Mbweni ni mwendo mfupi wa boti. Kisiwa ni jabali la matumbawe, hakina kisima wala chemchemi, na nyumba za wageni ni saba tu. Kila moja inajitafutia maji yake: mvua inashuka kwenye paa pana la makuti, inachujwa, inaingia kwenye birika lililojengwa chini ya sebule. Kwa hiyo unakunywa chai juu ya maji yako ya kuoga. Yanavutwa kwa pampu ya mkono, yanapashwa moto na jua. Ukishaoga, maji machafu hayaendi baharini, yanapitishwa kwenye vitalu vya mimea inayoyanywa. Nilichuchumaa pale muda mrefu nikikagua, mpaka mke wangu akauliza, "Baba Salma, tumekuja kupumzika au kufanya tathmini?"

Choo ndicho kilichomtia wasiwasi yeye. Hakivutwi maji; unamwagia mboji, basi. Usiku wa kwanza alikwenda kwa kujilazimisha. Harufu hakuna, bomba la hewa linafanya kazi yake.

Kulala ni ghorofani, chini ya chandarua, na ukuta wa mbele unashushwa kwa kamba ukabaki unatazama bahari. Hakuna kiyoyozi, wala hutakikumbuka upepo ukiwapo. Upepo ukitulia, utatoka jasho. Asiyeweza kulala bila baridi ya mashine asipoteze pesa zake, na bei yenyewe si ya mchezo. Sisi tulidunduliza tangu Ramadhani. Umeme wa jua unatosha taa. Njiani usiku unatembea na tochi, ukiangalia usimkanyage kaa wa nazi, na wale si wadogo.

Mwamba wa matumbawe upo mbele tu ya nyumba. Serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa hifadhi mwaka 1994, nyumba zikaanza kupokea wageni mwaka 1998, na miongoni mwa walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa maeneo hayohayo waliofundishwa kazi. Huyo aliyetuongoza majini alikuwa akinionyesha samaki kwa majina ya sokoni, jambo lililonifurahisha kuliko samaki wenyewe. Mnara wa taa wa mwaka 1904 bado umesimama. Panda, ila magoti yangu hayakunishukuru.

Ninachokisifu kama fundi ni kwamba hawakuficha kitu. Hoteli nyingi hubandika makuti juu ya bati na kusema ni asili. Hapa ukitoa paa, umetoa maji, kivuli na baridi kwa mpigo mmoja.

Tulikwenda mwezi wa Novemba, wakati wa vuli. Usiku wa pili mvua ilishuka saa tisa hivi, kwanza kwa manong'ono juu ya makuti, kisha ikakaza. Chini ya sakafu tukasikia maji yakiingia birikani. Mke wangu alikuwa macho. "Hayo watayaoga wageni wa Januari," akasema, akajifunika.