Kinga ya umeme kwenye gari la wageni: fundi wa Mwanjelwa

Gari letu la kulala wageni huchomekwa umeme kila kambi, Iringa hadi Tukuyu, na mwezi Machi friji iliungua. Kinga ya kwanza (kifaa kinachokata umeme usipokuwa salama kwa vyombo), ya kuchomeka nje kwenye nguzo ya umeme ya kambi, iliibwa. Safari hii nikampelekea fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, ile ya kuunganishwa moja kwa moja na nyaya.

Kazi yake nimeipenda mno. Alichomoa kila kitu, akapima kwa testa, akaifunga kati ya soketi ya kuingizia umeme na boksi la breka (swichi za kukata umeme), chini ya kitanda, pasipofikiwa na mvua wala mwizi. Skrubu alizikaza, akaendesha gari kwenye mashimo, akarudi kuzikaza tena: waya uliolegea hupata moto, na gari hutikisika siku nzima. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea!

Tulipojaribu Uyole volti zilishuka hadi 180, ikakata yenyewe. Umeme ulipotulia ikangoja kama dakika 2 kabla ya kuuruhusu upite, ili kompresa ya friji isiumie. Pasipo na eathi (waya wa usalama unaoingia ardhini) haipitishi umeme kabisa.

Aliahidi saa 6 mchana, akamaliza saa 1 usiku. Ufundi shilingi 60,000. Gari la pili nampelekea Jumatatu.