Pango la Noeli la kitambaa: linafaa watoto wadogo, ila ondoeni nyota

Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa na mwingine wa miaka 2, pango la udongo hukaa juu ya kabati, watoto wakaambulia kulitazama tu. Ndiyo maana hili la kitambaa nimelipenda sana. Maria, Yosefu, wachungaji, punda na kondoo wamejazwa pamba, hawavunjiki, na macho yao yametariziwa kwa uzi, si shanga za kubandika. Mdogo anatafuna sikio la punda kutwa nzima. Nimelivuta kwa nguvu, mshono haujaachia. Mkubwa anamtoa Mtoto Yesu horini, anambembeleza, anamrudisha, na katikati ya mchezo huo nimemsimulia habari za Bethlehemu naye akatulia kusikiliza.

Kufua ni rahisi. Majusi mwenye joho la zambarau tu ndiye anachuja rangi, mfueni peke yake.

Nisichokubali ni nyota. Inawaka kwa betri ndogo bapa, na kifuniko chake hakina skrubu, ukucha tu unakifungua. Mtoto akimeza betri ya aina hiyo ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Akimbizwe hospitali hapo hapo. Nimeing'oa, nikashona nyota ya kitambaa cha manjano. Pia pimeni kila kipande kwa kile kibomba cha ndani ya karatasi ya chooni: kinachopenya ni kidogo mno kwa aliye chini ya miaka 3. Zawadi za mamajusi zilipenya, nimezifungia. Watengenezaji wakiweka skrubu, nitawanunulia na wapwa zangu.