Waya wa konsoli wenye chipu ya FTDI, nimeuchukua Makoroboi

Wakuu, kama unafunga seva hapa Mwanza na hutaki kutembea na skrini mgongoni, huu waya chukua, unaunganisha seva na laptopu, unasoma na kuiandikia humo humo. Upande mmoja USB, upande wa pili kichwa cha RJ45 kama cha waya wa mtandao, na chipu ya FTDI ndiyo inatafsiri kati ya USB na seva. Nimeupata duka la vifaa vya kompyuta maeneo ya Makoroboi kwa elfu thelathini na tano, na muuzaji akaniruhusu niuchomeke kwenye laptopu palepale kaunta kabla sijatoa hela, kwa hilo nampongeza sana maana wengi ni lipa kwanza maneno baadaye. Ubuntu ikautambua hapohapo kwa jina ttyUSB0, hakuna cha kutafuta draiva.

Kazi yenyewe ilikuwa Kirumba, seva ya hesabu za mzigo wa dagaa, iko kwenye kabati la ukutani na haina hata tundu la skrini. Nikafungua PuTTY, programu ya kuongea na seva kwa maandishi, spidi 115200, 8N1 (biti 8, bila parity, stop biti 1), nikawasha seva, mistari ya BIOS, programu inayoamka kwanza seva ikiwaka, ikaanza kumwagika toka mwanzo, ramu kiasi gani, diski zipi, nikaenda mpaka menyu ya kuinstoo mfumo wa Debian nikaongeza console=ttyS0,115200n8 kwenye mstari wa kuwashia ili nayo iongee kupitia waya huu, basi nikainstoo kila kitu kwa kibodi ya laptopu nimekaa zangu juu ya kreti. Raha ya hii kitu, IP hujaweka, SSH ya kuingilia kwa mtandao haipo, lakini wewe uko ndani tayari!

Ukiona herufi za ajabu ajabu ujue spidi siyo, vifaa vingi vya mtandao vya Cisco vinaanza na 9600. Maandishi yanakuja ila ukiandika hayaendi? Zima flow control ya RTS/CTS, ile ya kusubiriana kabla ya kutuma. Kama hakuna kinachotokea kabisa angalia mpangilio wa pini, RJ45 za konsoli hazifanani, huu umefuata mtindo wa Cisco kwa hiyo soma kwanza kitabu cha seva yako.

Nisichokipenda ni ufupi wake, na kile kikamatio cha plastiki kwenye kichwa ni laini mno, utakivunja ukivuta kwa hasira.

Utakuta pia nyaya za bei chee, uliza chipu kabla hujalipa. Kuna chipu za PL2303 feki nyingi sokoni, na kwenye Windows draiva mpya za Prolific, wenye PL2303 halisi, zinazikataa, unabaki unaangalia kosa la Code 10 na mteja anakusubiri.