Kitalu cha miche njia ya Pangani: miiba ipo, vibao vya majina achana navyo

Kwa miche yenye miiba hapa Tanga, mimi naenda kitalu hiki, ila sinunui kwa kusoma vibao. Kila chungu chenye jani nene na miiba wamekiandika "ALOVERA, 3,000", iwe ni yenyewe au siyo. Mwenye kitalu ukimuuliza, anakuonyesha hicho hicho kibao.

Mtafute kijana anayemwagilia asubuhi. Niliponyanyua chungu kimoja akaniwahi: "Mama, hiyo usije ukapaka usoni, itakuwasha. Pitisha kidole ukingoni kwanza." Nikapitisha, taratibu. Meno ya kahawia, magumu, yamepinda kama ndoana, na nchani mwiba mmoja mrefu wa kutoboa kandambili. Hiyo ni agave, jamaa ya mkonge. Akanisogezea alovera: meno madogo meupeupe, kidole kinapita bila kuchanika, na ncha imechongoka tu, haina mwiba mgumu. Halafu akavunja jani la kila mmoja. Alovera ikatoa kwanza maji ya njano machungu, ile shubiri tuliyopakiwa kuachishwa ziwa, kisha ute. Jani la agave halikukatika, likabaki linaning'inia kwa nyuzi, na sisi tuliokulia kwenye mashamba ya katani nyuzi hizo tunazijua. Tena mkonge wenyewe ukikomaa kwa kawaida hauna meno pembeni, mwiba wake uko nchani, kwa hiyo ukingo mtupu nao usikudanganye.

Kilichonifurahisha zaidi ni mkadi, mti wa pwani wenye majani marefu ya miiba na maua ya kunukia. Ligeuze jani lake: miiba imefuata kingo zote mbili, na mstari mwingine unapanda kwenye uti wa jani upande wa chini. Mnanasi, ambao majani yake yanafanana nayo, hauna huo mstari wa tatu. Nimechukua mche mmoja kwa 15,000, nikiomba uwe dume, maana maua ya kutilia kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake, ni ya dume. Kwa udogo ule hata kijana hakuweza kuniambia.

Kasoro: udongo wao ni mfinyanzi mtupu, alovera itaoza mizizi usipouchanganya na mchanga. Vifuko vingine vimechanika, na risiti hawatoi. Nawapa nyota nne. Nenda na gunia lako, kwani bodaboda alikataa kubeba mkadi mpaka tulipoufunga majani yote.